NISHANI YA VITA VYA BAHARINI: NAMNA ILIVYOUNDWA NA NAMNA ILIVYOGAWIWA

Siku moja alifika mezani petu bibi mmoja mtu mzima, ameshika mkononi pembe ya kanga yake iliyofungwa fundo. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaketi. Alipolifungua fundo lile tuliona kipande cha fedha cha mviringo, kimeingia weusi kwa ukale, na utepe wake umechakaa hata rangi zake hazikujulikana sawasawa.

Akasema, "Hii ni nishani ya marehemu babu yangu, aliyekuwa akitia makaa katika manowari. Sonara ataka kuinunua, aiyeyushe afanye bangili. Wewe ni karani, mwanangu. Nitazamie, je, kitu hiki kina maana, au ni sura ya mfalme tu?"

Tuliipokea tukaigeuzageuza. Upande mmoja palikuwa na sura ya mfalme, na upande wa pili mwanamke amepanda gari la baharini. Lakini hayo siyo tuliyokuwa tukiyatafuta. Tuliitazama ukingoni, mahali pembamba ambapo watu wengi hawaangalii, na hapo tulikuta herufi ndogo ndogo zilizopigwa chapa: jina la mtu, na kazi yake, na jina la meli. Tulipomsomea, bibi yule alinyamaza kitambo, kisha akatuomba tusome mara ya pili.

Tangu siku ile tuliona yafaa tuandike somo juu ya nishani hizi, maana katika nyumba nyingi zimo, zimefungwa katika vitambaa au zimewekwa chini ya sanduku, wala wenyewe hawajui zinasema nini. Tumechagua kueleza habari za nishani moja ya Waingereza iliyo kama mama wa nishani zote za manowari, yaani Nishani ya Utumishi wa Baharini ya mwaka 1847. Kisha tutaeleza kwa ufupi ile iliyoifuata mwaka 1915, maana hiyo ya pili ilifika hata kwa watu wa pwani yetu.

NISHANI ZA NAMNA MBALIMBALI

Kwanza yatupasa kupambanua. Iko nishani ya ushujaa, apewayo mtu mmoja kwa tendo moja alilolitenda yeye peke yake. Iko nishani ya cheo, apewayo mkubwa kwa heshima ya kazi yake. Tena iko nishani ya vita, na hiyo ndiyo tunayoisema leo. Nishani ya vita haiulizi nani alikuwa hodari kuliko mwenziwe. Yauliza neno moja tu: Je, ulikuwapo? Ikiwa ulikuwapo, wastahili, uwe admirali au uwe mtoto aliyebeba baruti.

Mambo haya yaonekana mepesi, walakini Waingereza walichukua zaidi ya miaka hamsini kuyakubali kwa mabaharia wao. Na sababu yake ndiyo mwanzo wa hadithi yetu.

ASILI YA NISHANI HII

Mwaka 1793 vita vilianza baina ya Uingereza na Ufaransa, vikaendelea, kwa mapumziko mafupi, hata mwaka 1815. Vita vingi vikubwa vilipiganwa baharini. Tarehe 1 Juni 1794 manowari za Waingereza chini ya Lord Howe ziliwashinda Wafaransa katika bahari ya Atlantiki. Kwa ushindi huo Mfalme George wa Tatu aliamuru itengenezwe nishani ya dhahabu. Lakini nishani ile ilikuwa ya maadmirali na manahodha peke yao. Luteni hakuipata, sembuse baharia wa kawaida. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa katika miaka yote ya vita.

Watu wengine waliona jambo hilo si la haki, wakajaribu kulitengeneza kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1798, tarehe 1 Agosti, Admirali Nelson aliishinda jamii ya manowari za Wafaransa katika ghuba ya Abukir, karibu na mlango wa mto Nile, nchi ya Misri. Rafiki yake Alexander Davison, aliyekuwa wakala wake wa mambo ya fedha, alitoa mali yake akatengeneza nishani kwa kila mtu aliyekuwa katika vita vile: ya dhahabu kwa wakubwa, ya fedha kwa maluteni, ya shaba iliyopakwa dhahabu kwa wadogo wao, na ya shaba tupu kwa mabaharia. Baada ya vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, tajiri Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye kiwanda, alifanya vivyo hivyo, lakini mabaharia aliwapa nishani za madini hafifu ya bati. Inasemekana kuwa baadhi yao waliona wamedharauliwa, wakazitupa baharini.

Mwaka 1815 vilipiganwa vita vya Waterloo katika nchi kavu, ndipo Serikali ya Uingereza ikafanya jambo jipya. Kila askari aliyekuwa katika vita vile, tangu jemadari hata mpiga ngoma, alipewa nishani ya fedha, moja kwa wote, na jina lake limeandikwa ukingoni. Lilikuwa jambo jema, lakini jema hilo lilizaa manung'uniko. Askari waliopigana miaka mingi katika nchi ya Hispania waliuliza, "Sisi je?" Na mabaharia, waliolinda bahari zaidi ya miaka ishirini, wakauliza vivyo hivyo. Hawakupata jibu.

Miaka ikapita. Wazee wale wakaanza kufa. Katika Baraza la Malodi alikuwako Duke of Richmond, ambaye mwenyewe alikuwa askari katika vita vya Hispania na kujeruhiwa kifuani. Huyo alishika shauri la wazee hao, akalisema tena na tena. Ajabu ni kwamba mkubwa wake wa zamani, Duke of Wellington, aliyekuwa jemadari wa Waterloo, hakupendezwa na shauri lile, akalipinga. Mwisho wake, mwezi wa Juni 1847, amri ilitoka: itakuwako nishani moja kwa askari wa nchi kavu, na nyingine kwa watu wa manowari.

Na hapo hesabu iko wazi. Baharia aliyekuwa na umri wa miaka 30 siku ya Trafalgar alikuwa amefikia miaka 72 amri ilipotoka. Na yule wa umri huo siku ya ushindi wa Lord Howe alikuwa amefikia 83. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa.

UMBO LAKE

Kazi ya kuichora ilipewa William Wyon, mkuu wa wachongaji wa nyumba ya kupigia fedha ya Serikali huko London. Mtu huyu alikuwa fundi mashuhuri. Sura ya Malkia Victoria iliyo katika stempu ya kwanza duniani, iliyotolewa mwaka 1840, ilitokana na nishani nyingine aliyoichonga yeye. Alikufa mwaka 1851, mwaka uleule ambao madai ya nishani hii yalifungwa.

Nishani ni ya fedha, mviringo, na upana wake ni milimita 36. Upande wa uso kuna kichwa cha Malkia Victoria, kimetazama kushoto, amevaa taji dogo, na maneno ya Kilatini yanayotaja jina lake na kwamba yu malkia. Chini yake mwaka umeandikwa: 1848. Watu walipoiona waliona neno la kushangaza. Malkia Victoria alizaliwa mwaka 1819. Vita vingi vilivyotajwa katika nishani hii vilipiganwa yeye hajazaliwa, chini ya babu yake, Mfalme George wa Tatu. Lakini nishani hubeba sura ya yule aliye katika kiti siku ya kutolewa, si yule aliyekuwako siku ya vita. Basi wazee wale walivaa kifuani sura ya malkia kwa kazi waliyomfanyia babu yake.

Upande wa pili kuna mwanamke aitwaye Britannia, ambaye Waingereza humchora kuwa mfano wa nchi yao. Ameketi ubavu juu ya farasi wa baharini, yaani mnyama wa hadithi ambaye mbele ni farasi na nyuma ni samaki. Mkono wake wa kuume ameshika mkuki wa meno matatu, ambao katika hadithi za Warumi ulikuwa silaha ya mungu wa bahari. Na mkono wa kushoto ameshika tawi la mti ambao Warumi waliwavika washindi majani yake. Maana yake ni rahisi kuisoma hata bila maneno: mwenye mkuki huu ndiye atawalaye bahari, na tawi ni ushindi. Na kweli, upande ule hauna maneno. Hata baharia asiyejua kusoma aliweza kuelewa kwa macho.

Utepe wake ni mweupe, na kando zake zote mbili ni za buluu ya kuiva. Ni upana wa milimita 32.

VIBAO VYA JUU YA UTEPE

Jambo lililoipa nishani hii sifa yake ni vile vipande vyembamba vya fedha vilivyobanwa juu ya utepe, kila kimoja kimeandikwa jina la vita na mwaka wake. Sisi tutaviita vibao. Mtu aliyekuwa katika vita vitatu alipata nishani moja yenye vibao vitatu, hakupewa nishani tatu.

Wakuu wa manowari waliidhinisha vibao 231. Vingine vilitaja vita vikubwa, kama Trafalgar na Nile. Vingine vilitaja mapambano ya meli mbili peke yake, nahodha na nahodha. Tena kulikuwa na vibao zaidi ya hamsini vya kazi ya mashua, yaani siku ambazo mabaharia waliteremka usiku katika mashua ndogo, wakapiga makasia hata bandari ya adui, wakaipanda meli yake kwa panga na kuichukua. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kuliko vita vya mizinga, maana hapakuwa na ubao wa meli wa kumkinga mtu.

Hapo mwanzo nia ilikuwa kuvitaja vita vya tangu 1793 hata 1815 tu, kisha mlango ukafunguliwa zaidi, vikaingizwa vita vya Algiers vya mwaka 1816, na Navarino vya mwaka 1827, na vya pwani ya Shamu vya mwaka 1840. Kibao cha Shamu ndicho kilichochukuliwa na watu wengi kuliko vyote, karibu 7,000. Sababu yake si kwamba vita hivyo vilikuwa vikubwa kuliko vingine. Ni kwa kuwa vilikuwa vya karibuni, na waliopigana walikuwa wangali hai.

Linganisha na Trafalgar. Siku ile Waingereza walikuwa na manowari kubwa 27, na watu zaidi ya 15,000 ndani yake. Vibao vya Trafalgar vilivyotolewa havikufika 2,000. Na vibao vingine havikupata hata mtu mmoja wa kuvidai, kwa sababu wote waliostahili walikuwa wamekufa.

Aliyepata vibao vingi kuliko wote ni Sir James Alexander Gordon, ambaye alipata saba. Huyu aliingia katika manowari akiwa mtoto mwaka 1793, akapoteza mguu mmoja katika pambano la Pelagosa mwaka 1811, akapanda cheo hata mwisho akawa Admirali Mkuu. Mabaharia wengi walipata kibao kimoja tu.

NAMNA YA KUIDAI

Sasa twafika mahali ambapo twawaomba walimu wasimame kidogo na wanafunzi wao.

Nishani hii haikuletwa mlangoni kwa mtu. Ilimpasa adai mwenyewe. Amri ilitangazwa katika gazeti la Serikali, na kila mzee alitakiwa apeleke maombi, aeleze alikuwa katika meli gani na vita gani. Kisha maneno yake yakalinganishwa na daftari za meli za miaka ile. Siku ya mwisho ya kupokea madai ilikuwa tarehe 1 Mei 1851.

Tena ilikuwako sharti nyingine nzito: ni walio hai tu watakaopewa. Mjane hakuweza kudai kwa ajili ya mumewe, wala mtoto kwa ajili ya babaye. Ila mtu akiwa amekwisha kudai, kisha akafa kabla ya kuipokea, jamaa zake walipewa.

Jumla ya nishani zilizotolewa ni 20,933. Kwa vita vya miaka karibu hamsini, hesabu hiyo ni ndogo mno. Kufa ni sababu moja. Sababu ya pili ni kwamba mabaharia wengi wa zamani hawakujua kusoma wala kuandika, na habari za nishani hazikutangazwa sana mbali na miji mikubwa. Tangazo lilikuwa katika gazeti, na gazeti halikuwafikia. Au liliwafikia, likafungiwa samaki sokoni, wala hapakuwa na mtu wa kuwasomea. Siku ikapita, kitabu kikafungwa.

Twaliona jambo hili ni zito kuliko risasi. Mtu ameokoka mizinga ya adui, ameokoka tufani na kiseyeye, amefika uzeeni. Kisha haki yake imempita kwa sababu ya ukurasa mmoja wa karatasi. Wazee na viongozi wa vijiji wasomao haya watalitambua upesi, maana nani hajaona katika kijiji chake mtu aliyekosa haki kwa kutopata habari za siku ya mwisho?

MTOTO ALIYEPEWA, NA WANAWAKE WALIONYIMWA

Katika daftari ya waliopewa kuna jina moja ambalo huwachekesha watu, kisha huwafikirisha. Mwaka 1794, katika siku zile za vita vya Lord Howe, mwanamke mmoja alijifungua mtoto wa kiume ndani ya manowari iitwayo Tremendous. Mtoto akaitwa Daniel Tremendous McKenzie, kwa jina la meli. Zaidi ya miaka hamsini baadaye alidai nishani, akapewa kibao cha tarehe 1 Juni 1794, maana alikuwapo. Mahali pa kuandika kazi yake melini, karani aliandika kuwa ni mtoto mchanga.

Basi, ikiwa mtoto mchanga alistahili kwa kuwapo, je, mama yake?

Katika manowari za siku zile walikuwamo wanawake, wengi wakiwa wake za mabaharia wenye vyeo vidogo. Vita vikianza hawakukaa bure. Walibeba baruti kutoka stoo ya chini hata kwenye mizinga, wakawasaidia matabibu kuwashika na kuwafunga majeruhi. Bi Jane Townshend alikuwa katika manowari Defiance siku ya Trafalgar. Bi Mary Ann Riley na Bi Ann Hopping walikuwa katika manowari Goliath siku ya vita vya Nile. Wote watatu walidai nishani, nao walikuwa na ushahidi.

Hapo kwanza ilionekana kwamba amri yenyewe haikubagua mwanamume wala mwanamke. Lakini baraza la maadmirali lililokuwa likipima madai likakataa. Sababu waliyoitoa si kwamba wanawake hao hawakufanya kazi. La, walisema kuwa wanawake waliofaa katika meli walikuwa wengi, na akipewa mmoja, maombi ya namna hiyo hayatakuwa na mwisho. Yaani walinyimwa si kwa uchache wa haki yao, bali kwa wingi wake. Hivyo mtoto alipewa, mama hakupewa.

Sisi hatuandiki haya ili kuwacheka watu wa zamani. Twayaandika kwa sababu kila agawaye kitu, awe mkubwa wa nchi au mzee wa kijiji agawaye chakula cha msaada, hukutana na shauri lilelile. Akianza kuhesabu watu kwa kuogopa wingi wao, asihesabu tena kwa kazi waliyoitenda, amekwisha kuiacha njia.

Yafaa tuseme pia kwamba katika manowari hizo walikuwamo mabaharia weusi, waliozaliwa Afrika na katika visiwa vya West Indies. Mjini London, chini ya mnara wa Nelson, kuna ukuta wa shaba iliyochongwa kuonyesha kufa kwa Nelson, na mmoja katika mabaharia waliochongwa pale ni mtu mweusi aliyeshika bunduki.

NISHANI YA MWAKA 1915 NA WATU WA PWANI YETU

Baada ya nishani ile ya kwanza, vita vikubwa vilipata nishani zake mbalimbali. Pwani yetu nayo ikaandikwa. Mwaka 1890 manowari za Waingereza chini ya Admirali Fremantle ziliteremsha watu karibu na Lamu, wakaenda kumpiga Sultani Fumo Bakari wa Witu, baada ya Wajerumani kadha kuuawa katika nchi yake. Waliopigana upande wa Waingereza walipata kibao chenye jina la Witu na mwaka 1890, juu ya utepe wa manjano na mweusi. Watu wa Witu hawakupata kibao. Wao walibaki na mji ulioteketezwa kwa moto. Nishani husema habari ya upande mmoja tu, na msomaji mwenye akili hukumbuka kuuliza habari ya upande wa pili.

Lakini vilikuwako pia vita vidogo vidogo vya baharini visivyostahili nishani ya peke yake. Kwa ajili ya hivyo, tarehe 6 Agosti 1915, ilianzishwa Nishani ya Utumishi wa Baharini ya pili. Upande wa uso ina sura ya Mfalme George wa Tano amevaa nguo za admirali. Upande wa pili yumo tena Britannia, safari hii akivutwa majini na farasi wawili wa baharini. Aliyeuchora upande huo ni mwanamke, fundi wa kuchonga aitwaye Margaret Winser. Tazama namna siku zinavyogeuka: miaka sitini na kitu baada ya wanawake kunyimwa nishani ya baharini, mkono wa mwanamke ndio uliochora nishani iliyoifuata. Utepe wake ni mweupe, kando zake nyekundu, na katikati mistari miwili myembamba myekundu. Iliendelea kutolewa kwa vita mbalimbali, mpaka ilipofuatwa na nishani moja kwa majeshi yote ya nchi kavu, ya baharini na ya angani.

Kibao chake cha kwanza ni cha Ghuba ya Uajemi, 1909 hata 1914. Katika miaka ile bunduki nyingi zilipita bandari ya Maskati katika nchi ya Omani, zikavushwa kwa majahazi hata pwani ya Makran, na kutoka hapo kwa ngamia mpaka Afghanistani. Waingereza, ambao wakati huo walitawala Uhindi, waliogopa bunduki hizo kwenye mpaka wao. Wakaweka manowari ghubani, na mashua zake zikakaa majini usiku na mchana kuyakamata majahazi na kuyapekua. Jua la kule ni la kuua, wala hapana kivuli katika mashua.

Mojawapo ya manowari zilizotumika ghubani ni Hyacinth, ambayo wazee wa Tanga waliijua kwa habari nyingine, maana mwezi wa Aprili 1915 iliishambulia meli Rubens ya Wajerumani katika ghuba ya Manza.

Sasa, ndani ya manowari hizo za Bahari ya Hindi walikuwamo watu wetu. Waingereza waliwaita Masidi, kwa neno la Kiarabu lenye maana ya bwana wangu. Wengi waliandikwa Unguja, wakapewa kazi ya makaa: kuyapakia, kuyachukua, na kuyatia katika moto wa mitambo, mahali ambapo Mzungu alizimia kwa joto. Walikuwa na vyeo vyao wenyewe na wasimamizi wao wenyewe. Na nishani ilipotolewa, wao pia walihesabiwa, kwa kuwa walikuwapo.

Lakini kuna jambo la kujihadhari nalo. Karani wa manowari aliyesikia jina geni aliliandika kama masikio yake yalivyolipokea. Mara nyingine mabaharia Wazungu walimpa mtu jina la utani, na jina hilo likaingia katika daftari, likatoka daftarini likaenda ukingoni mwa nishani. Ndiyo sababu jamaa wengine wa leo wakisoma jina lililo katika nishani ya mzee wao hudhani si yake.

TULIYOMJIBU YULE BIBI

Turudi kwa bibi yetu. Jina tulilolisoma ukingoni lilikuwa limeandikwa kombo, na mara ya kwanza hakulielewa. Mara ya pili tulilitamka polepole, tukiziachia herufi ziende kwa sauti ya Kiswahili badala ya Kiingereza. Ndipo akaweka mkono kinywani, akasema, "Ndiye. Ndiye mwenyewe."

Tulimweleza mambo matatu, nasi twayaweka hapa kwa faida ya wengine.

La kwanza, asiisugue nishani kwa mchanga wala majivu, maana herufi za ukingoni ni nyembamba, hufutika. Na nishani iliyofutika jina ni fedha tu.

La pili, asimwuzie sonara kwa uzito wake. Watu wakusanyao nishani huzinunua kwa bei iliyo mbali sana na thamani ya fedha iliyomo, kwa sababu ya jina. Na akipenda kutoiuza kabisa, ni bora zaidi.

La tatu, jina lile lina ndugu yake katika karatasi. Daftari za nishani za manowari zimehifadhiwa katika Nyumba ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, huko Kew, London. Anayejua jina kama lilivyopigwa ukingoni, pamoja na jina la meli, ana ufunguo wa kutafutia. Kwa hiyo na ayanakili yote mawili katika karatasi, herufi kwa herufi, hata yale yaliyoandikwa vibaya, asiyasahihishe.

Bibi aliyafunga tena katika pembe ya kanga, nishani na karatasi pamoja. Alipokuwa akiondoka alisema, "Sonara atangoja sana."

Wasomaji wetu, wale mabaharia wazee wa 1851 walikosa mtu wa kuwasomea gazeti. Kila ajuaye kusoma katika kijiji ana deni juu ya jirani yake asiyejua. Siku ikitangazwa, isomwe kwa sauti. Jina likiandikwa, liandikwe sawasawa.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Nishani ya ushujaa na nishani ya vita zapambanuliwa kwa neno gani?
2. Kwa nini kibao cha Shamu cha 1840 kilichukuliwa na watu wengi kuliko kibao cha Trafalgar?
3. Taja sababu mbili zilizofanya wazee wengi wasiipate nishani ya 1847.
4. Maadmirali walitoa sababu gani ya kuwanyima wanawake? Je, ni sababu ya haki? Eleza fikira zako.
5. Uliza nyumbani kwenu kama iko nishani. Ikiwa iko, soma ukingo wake, unakili maneno yote katika daftari lako, kisha mwulize mkubwa wa nyumba akueleze habari za mwenye jina hilo.